Miezi 14 tangu ninyooshwe pua: kilichonyooka na kilichobaki

Nianze na kazi yangu, maana inahusika. Mimi ni mchongaji wa milango hapa Lamu, karakana yangu iko Langoni. Jicho langu limefunzwa tangu ujana kuona kilichopinda hata kwa unywele. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anasimama mbele ya kioo kila alfajiri, na pua yake mwenyewe imelalia kushoto.

Sikuzaliwa nayo hivyo. Nilikuwa na miaka tisa, natoka chuoni kwa Kurani mbio, hamali akakata kona ya kichochoro na boriti begani. Ncha ya boriti ikanipata hapa katikati ya mato, yaani macho, kama tusemavyo sisi. Kanzu nyeupe ikawa si nyeupe tena. "Ndoo nikuone," yaani njoo, bibi akaniambia, akanikanda kwa kitambaa cha moto, akanipaka manjano, akasema itarudi yenyewe. Haikurudi. Nilivyokua, nayo ikakua vile vile ilivyovunjika, imejikunja kama herufi C, na tundu la kushoto likabaki pambo tu. Pumzi haikupita.

Miaka 25 nililala mdomo wazi. Mke wangu anasema nikikoroma paka wa darini wanahama. Vumbi la mbambakofi, ule mti mgumu tunaochongea milango, likazidisha mambo, mpaka ikawa msasa siwezi kupiga nusu saa bila kutoka nje kutafuta hewa. Kwa hiyo mtu asinisome hapa akadhani nilifuata urembo. Basi, urembo nao ulikuwamo. Nitasema uongo wa nini.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda Mombasa sitaitaja. Nilikaa humo dakika kumi. Kijana alinipiga picha kwa simu, akaburuta kidole juu ya skrini, pua ikanyooka kama rula, akaniambia ndivyo nitakavyotoka. Ndani ya pua hakuchungulia hata mara moja, na malipo ya kwanza aliyataka siku ile ile. Mimi mteja akiniagiza mlango, siwezi kumwonyesha mchoro kabla sijaenda kuupima ukuta wake. Nikaaga.

Wa pili alikuwa mwanamke, bingwa wa masikio, pua na koo, katika hospitali ya binafsi. Yeye naye simtaji, kwa sababu sikumwomba ruhusa. Huyu alianza na pumzi. Aliniambia nivute ndani hewa huku amefunga tundu moja, kisha jingine. Halafu akaweka kidole kwenye shavu langu la kushoto, karibu na pua, akalivuta kidogo upande. Hewa ikaingia. Nilishtuka, nikamwomba arudie. Akanieleza kwamba ile ni dalili kuwa mlango mwembamba wa ndani wa pua upande ule umebanwa, kwa hiyo kunyoosha ukuta wa kati, ule unaotenga matundu mawili, peke yake hakutatosha. Akaingiza kamera nyembamba kama bua, akanionyesha kwenye skrini ukuta wenyewe: gegedu, ile sehemu ngumu isiyo mfupa, limetoka nje ya reli yake ya mfupa na kuziba njia. Hawa madaktari wana msemo wao, kwamba ukuta wa kati unakokwenda ndiko pua inakokwenda.

Kisha likaja jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike. Alinipiga picha akiwa amesimama mbali, si kwa simu iliyo karibu na uso, akaichapisha, akaweka rula, akachora mstari kutoka katikati ya nyusi kwenda chini. Mstari haukupita katikati ya mdomo. Haukupita katikati ya kidevu. Kidevu changu kiko kushoto. Jicho la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, shavu la kushoto ni bapa, na ubavu wa pua wa kushoto umekalia mfupa ulio nyuma zaidi. Miaka yote hiyo nilikuwa nailaumu pua, kumbe uso mzima haulingani pande mbili.

"Fundi," akaniambia, "nikiinyoosha hii wima kabisa kwa timazi, ncha yake itaangalia kulia kwa mdomo wako. Watu wataona imepinda upya."

Nilinyamaza. Si kwa huzuni, ila nilikuwa nimelielewa jambo lile zamani bila kujua kuwa linanihusu. Nyumba zetu za mawe ni za kale, kuta zimelala kila moja upande wake. Unapopachika mlango mkubwa, kuna mfaa, ule mti wa katikati unaochongwa kuliko mahali pengine pote, ndio pua ya mlango. Fundi mgeni huja na timazi, akausimamisha mfaa wima sawasawa. Akirudi nyuma hatua tano, mlango mzima unaonekana unaanguka, kwa sababu kizingiti na ukuta vimelala upande mwingine. Ami yangu aliyenifunza kazi alikuwa akipima kwa timazi, halafu analiweka timazi mfukoni, anarudi nyuma mpaka ukuta wa jirani, anafumba jicho moja, na kuusogeza mfaa upana wa kucha. Huo upana wa kucha ndio ufundi.

Daktari nilipomweleza hivyo alicheka, akasema angeazima mfano huo. Mpango wake ulikuwa kuipeleka pua kwenye mstari kati ya nyusi na katikati ya mdomo wa juu, pale jicho la mtazamaji linapoanza kupima. Kama nilitaka uso wenyewe ulingane, hiyo ni habari nyingine: kukata na kusogeza mataya, pamoja na kuvaa waya za meno kwa muda mrefu, au kushughulikia kidevu peke yake. Sikutaka. Akaniandikisha karatasi kwamba nimeonyeshwa tofauti za uso wangu kabla ya kisu, nikatia sahihi. Wengine wangeona anajikinga. Mimi naona ndiyo huduma bora niliyopata siku zote zile.

Jambo dogo alilonieleza, nalitoa kwa wanaojitesa na picha: kioo kinakuonyesha uso uliogeuzwa, na jicho limeshauzoea. Picha inakurudisha kama watu wanavyokuona, ndiyo maana unajiona umepinda zaidi. Na simu ukiishika karibu inadanganya. Watafiti wa Marekani walikokotoa mwaka 2018 kwamba kwa umbali wa inchi 12 pua huonekana pana kwa takriban 30 kwa mia kuliko ilivyo.

Nyumbani kulikuwa na swali la dini. Mama mkwe alisema nabadilisha maumbile ya Mungu. Nikaenda kwa sheikh wetu. Yeye akanisomea hadithi ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua siku ya vita vya Kulab, akajitengenezea ya fedha, ikamnukia vibaya, Mtume akamwamrisha aweke ya dhahabu. Sheikh akasema kurekebisha kilichovunjika si sawa na kuchezea kilicho kizima. Mama mkwe akaridhika, mpaka aliposikia daktari amenikataza habasoda. Wiki mbili kabla ya upasuaji huruhusiwi aspirini, ibuprofeni, habasoda wala vidonge vya kitunguu saumu, kwa ajili ya kutoka damu. Hilo la habasoda hajanisamehe hadi leo.

Upasuaji wenyewe nilikuwa kwenye nusukaputi, kwa hiyo nasimulia nilivyosimuliwa. Ilichukua karibu saa tatu. Alipasua kidogo kwenye kinguzo kilicho kati ya matundu, akaifungua pua kama unavyofungua kifuniko. Gegedu lililopinda akalikata katikati na kulitoa, akaacha fremu ya umbo la L, upana wake usipungue kama sentimita moja, maana ukiikonda sana pua inabonyea baadaye. Vipande alivyotoa hakuvitupa: alivichonga vijiti vyembamba akavishonea kando ya fremu, kama kabari, upande ule uliobonyea akaweka kinene zaidi. Ndivyo njia ya hewa ilivyofunguliwa. Mifupa akaikata upya na kuisogeza. Nilipomuuliza kwa kifaa gani, akasema patasi na nyundo. Patasi ya milimita chache tu, lakini patasi! Nilifurahi kuliko inavyomstahili mgonjwa.

Akaniambia pia kwamba gegedu lina kumbukumbu, hupenda kurudi lilikozoea. Sisi tunasema hivyo hivyo juu ya mbao mbichi.

Maumivu yalikuwa kidogo kuliko nilivyoogopa, dhiki ikawa kubwa. Gango juu ya pua, vibamba vya silikoni vimeshonewa ndani, macho yamevilia damu kama niliyetoka kupigana. Nililala nimeegemea mito mitatu kwa binamu yangu Kibokoni, mjini Mombasa, nikinywa uji na kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Siku ya saba wakatoa kila kitu. Vile vibamba vinapotoka unahisi kama mtu anavuta samaki kutoka kichwani, halafu hewa inaingia pande zote mbili, baridi, mpaka nyuma ya koo. Nilitokwa na machozi, na nesi akadhani ameniumiza.

Hapo nina lalamiko. Karatasi ya maelekezo ya kwenda nayo nyumbani ilikuwa ya Kiingereza tupu, kurasa mbili. Mke wangu ndiye aliyekuwa ananiuguza, naye hakielewi hivyo. Tukaketi na binamu kutafsiri mstari mmoja mmoja. Hospitali ya Mombasa, wagonjwa wa pwani, na karatasi hakuna ya Kiswahili. Na bili nayo: bei niliyotajiwa ilikuwa ya daktari na chumba cha upasuaji, kumbe daktari wa nusukaputi na picha ya CT ni mbali. Jumla ilikula milango miwili mikubwa ya mbambakofi na faida ya wa tatu. Bima ya SHA, ile ya afya ya serikali, sikuitumia. Nawe ukienda, uliza kila kitu kimoja kimoja na wakuandikie.

Nilirudi Lamu baada ya wiki mbili, basi mpaka Mokowe kisha boti, shuka imenifunika uso kwa ajili ya upepo. Watu jetini wakanipa pole ya msiba.

Kusali ndiko kulikonipa mtihani. Kichwa sikuruhusiwa kuinamisha, nikasali juu ya kiti kama mzee. Baadaye niliporuhusiwa kuinama, pua isiguse chini bado, na sujudu yenyewe pua ni pamoja na paji. Nikauliza, nikaambiwa mgonjwa ana udhuru. Miwani ya kazi isikalie pua wiki sita, kwa hiyo niliigandisha kwenye paji kwa plasta, wanafunzi wangu wakanipiga picha ambayo bado inazunguka kwenye simu za Langoni. Wiki ya tano mwanangu wa miaka mitatu alinipiga kichwa usoni akitaka kubebwa. Damu ikatoka, moyo ukanitoka na wenyewe. Nikampigia daktari usiku, akapokea, akaniuliza maswali manne, akasema weka barafu na uje ukiona imehama. Haikuhama.

Sasa ni mwezi wa 14. Uvimbe ulichukua mwaka kwisha, hasa kwenye ncha, kama alivyosema. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nikicheka mdomo wa juu haufuati, na ncha ya pua ilikuwa kama ya mtu mwingine, huihisi. Yote yamerudi.

Je, imenyooka? Ana kwa ana, ndiyo. Watu hawaoni kitu, na waliokuwa wakinijua zamani wanasema nimenenepa au nimelala vizuri, hawajui ni nini. Kwenye picha ya mbele, ukiweka rula, imelalia kushoto kama milimita mbili. Daktari aliona kabla yangu, akaniambia inaweza kuguswa tena kwa upasuaji mdogo nikitaka. Nilirudi nyumbani, nikarudi nyuma mpaka ukuta wa jirani, nikafumba jicho moja. Nikamwandikia kwamba tuiache.

Kwa pumzi nampa kumi juu ya kumi. Kwa umbo, nane, na zile mbili zilizopungua ni za kidevu changu, si zake. Kwa hospitali na karatasi zake, tano.

Msikitini, nilipoanza tena kupandisha maji puani wakati wa kutawadha, sikujua nguvu yangu mpya. Nimezoea tangu utotoni kuvuta kwa nguvu zote ili tone moja lipite kushoto. Nikavuta vile vile. Maji yakapanda yote, matundu yote mawili, nikakohoa na kupiga chafya juu ya birika mpaka mzee aliyekuwa pembeni akasogeza miguu yake.

"Pole pole, mwanangu," akasema. "Yapo mengi."