Uzoefu wangu na OS FS-52 Surpass: kainjini ka ndege ya rimoti nilikokafufua hapa Kigoma

Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanga, Kigoma, fostroki (injini za mipigo minne) ndo kazi yangu ya kila siku, Boxer, TVS, zote zinapita mikononi mwangu, ila hii injini ya cc 8.5 inayokaa kwenye kiganja imenifundisha vitu ambavyo miaka yote ya gereji sikuvijua. Nimeona niandike maana nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata hata mstari mmoja.

Niliinunua used kwa mtu mmoja mtandaoni, yuko Dar, simtaji. Akaniambia imetumika mara mbili tatu tu. Ikaja na basi imefungwa kwenye gazeti, nafungua, propela haizunguki kabisa, imeganda, na nje yote ina rangi ya kahawia kama sukari iliyoungua chini ya sufuria. Iliniuma sana, hela ile niliidunduliza miezi. Nikampigia, simu ikaita, baadae ikawa haipatikani.

Sasa ntaeleza ni nini kilichoiua, maana hapo ndo kuna somo. Hizi injini hazitumii petroli, zinatumia methanoli (aina ya alkoholi) iliyochanganywa na nitromethane kidogo pamoja na oili, ya kwangu natumia yenye nitro asilimia 10 na oili kama 18 hivi. Oili yenyewe mara nyingi ina mafuta ya nyonyo ndani, ndo yale yanayoungua yakageuka gamu ya kahawia. Na methanoli inapenda maji, inayavuta kutoka hewani, halafu nitro ikiungua inaacha mabaki yenye asidi. Mtu akirusha jioni, akaizima, akaiweka kabatini bila kumaliza mafuta yaliyobaki ndani, beringi zinaanza kuoza kwa kutu usiku uleule. Yangu ilikaa hivyo sijui miaka mingapi. Kwahiyo injini yenyewe siilaumu hata kidogo, aliyeilaza na unyevu ndo kaiua.

Kitu kingine ambacho mafundi wenzangu walikishangaa, haina sampu ya oili. Hakuna sehemu ya kumwaga oili kama kwenye pikipiki. Oili iko kwenye mafuta yenyewe, inapenya kidogo pembeni ya ringi inashuka chini kulainisha beringi na kamshafti (shafti inayofungua vali), halafu inayozidi inatoka kwenye kipua kidogo cha kupumulia kule chini. Hicho kipua usikizibe hata siku moja. Na plagi haipigi cheche, ina waya mwembamba wenye platinamu, unaupasha kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, ikishawaka unatoa betri na waya unabaki unawaka wenyewe kwasababu ya joto na methanoli inavyoshikana na platinamu. Mimi niliangalia hicho kiplagi kikiwa chekundu pale mezani nikaita vijana wote wa gereji waje waone.

Haya, kazi. Usiilazimishe injini iliyoganda kwa kuzungusha propela na nguvu, utapinda kitu. Nilitoa kabureta kwanza, mipira yote na plastiki pembeni, kilichobaki nikakiweka kwenye sufuria kuukuu nikajaza kulanti ya kijani ya gari, moto wa mkaa kidogo sana, iwe ya moto lakini isichemke, nje ya nyumba, kutwa nzima. Hiyo kulanti ni sumu na ina ladha tamu, kwahiyo watoto na mbwa wasisogee, na sufuria ile haitarudi jikoni tena maisha yake yote. Asubuhi yake nikasugua na mswaki, gamu ikatoka kama ngozi ya maziwa, chini yake alumini nyeupe safi. Propela ikazunguka, ila unasikia krrr krrr kwenye vidole. Hiyo krrr ni beringi.

Beringi haitolewi kwa kugonga nyundo wakuu. Kasha unalipasha moto kama nyuzi 150, alumini inatanuka kuliko chuma cha beringi, ukiligonga kidogo juu ya ubao beringi inadondoka yenyewe. Mimi oveni sina, nikaenda kwa mama mmoja jirani anayeoka mikate. Nikamwambia shikamoo mama, naomba dakika kumi za oveni yako. Akaniangalia, "Marahaba mwanangu, hicho chuma chako hakina sumu? Hapa watu wanakula." Ana haki ya kuuliza. Nilikuwa nimekiosha kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, nikamuonyesha, nikakiweka juu ya bati langu mwenyewe, tena alikuwa ameshamaliza mikate ya siku hiyo. Kutoa, tap tap kwenye ubao, ya nyuma ikadondoka. Golori zake zina vishimo vya kutu kama vimeliwa na mchwa.

Namba imeandikwa ukingoni mwa beringi, unaenda nayo duka la spea za pikipiki na viwanda hapa mjini wanakupa. Mimi nilipata zote mbili bila kuagiza nje. Angalia tu, ya nyuma inakuja na vifuniko vya mpira pande zote, vitoe kwa ncha ya sindano taratibu, kwasababu beringi ya nyuma inakula oili inayopita humo ndani, ukiifunika inakosa. Kuzifunga ni kinyume cha kutoa, kasha liwe moto, beringi iwe baridi. Nilizifunga kwenye karatasi kavu ndani ya kopo zikalala usiku mzima kwenye friza ya jamaa anayeuza migebuka, asubuhi kasha likatoka kwenye oveni ya mama, beringi ikaingia yenyewe, tik, bila kuguswa na nyundo.

Gasketi tu ndo niliagiza Uingereza, zilichukua wiki sita. Ringi sikuigusa, ni moja tu na ni nyembamba ya chuma cha kalibu, ukiitanua ovyo inakatika, kama kompresheni ipo iache ilipo. Vali nilizitoa kuzisafisha na viklipu vyake ni vidogo kama punje ya mtama, kwahiyo ile kazi niliifanya mikono ikiwa ndani ya mfuko wa mkate unaoonyesha, kikiruka kinabaki humohumo. Usipofanya hivyo kitaruka na hutakiona tena.

Sehemu niliyokosea ni taimingi. Kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa kranki, na gia yake ina kinukta cha alama ambacho lazima kikae mahali pake pistoni ikiwa juu kabisa. Nilifunga jioni taa hafifu, nikadhani nimekaa sawa. Kesho yake nawasha, inapiga chafya kwenye kabureta, inarudisha propela nyuma kwa nguvu, na kijiti nilichokuwa napigia kikaruka mpaka ukutani. Hapo ningekuwa natumia kidole ningekuwa nimekipoteza. Nikafungua tena mchana, kumbe nimekosea jino moja. Jino moja tu! Kwenye kagia kadogo hivi jino moja ni nyuzi nyingi sana. Kwahiyo fungeni mchana, na mkishafunga zungusheni kwa mkono mizunguko miwili kamili mkiangalia vali zinavyofunguka kabla ya kuwasha.

Halafu tapeti, yaani ile nafasi ndogo kwenye vali. Injini iwe baridi kabisa, mimi huwa naweka alfajiri. Pistoni juu kwenye kompresheni, vali zote mbili zimefunga, unalegeza nati unarekebisha skrubu mpaka fila (kile kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.04 ipite na ya 0.10 ikatae. Hapo katikati ndo mahali pake. Tukizoea kwenye pikipiki tunaweka kwa kuskia mkono, hapa usifanye hivyo, nafasi ikiwa sifuri vali haifungi vizuri na inaungua, ikizidi inakosa nguvu na inagonga. Niliporudia vizuri kompresheni ilibadilika palepale, ukizungusha propela inakurudisha kama mpira.

Siku ilipowaka vizuri nilifunga kwenye benchi la mbao ngumu, propela ya inchi 12x6, nati mbili maana fostroki hizi zikirudi nyuma zinarusha propela, mafuta nikayaachia mengi ili iwe inatoa moshi na kupoa. Sauti yake jamani! Tustroki zinalia kama nyuki, hii inaunguruma, po-po-po-po, kama pikipiki iko mbali upande wa Ujiji. Nilisimama nyuma yake, siyo mbele wala pembeni ya propela, nikaiacha imalize tenki mbili bila kuikaza.

Tahadhari ambayo siwezi kuiruka, moto wa methanoli mchana hauonekani, mtu anaweza kuwa anaungua na wewe humuoni, kaa na ndoo ya maji karibu. Na ni sumu kali, inapofusha na kuua, usiiweke kwenye chupa ya kinywaji hata kwa dakika moja. Kurusha nako ni habari nyingine, uwanja wa ndege uko hapahapa mjini kwetu, ongea na TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kwanza upate utaratibu.

Kuhusu injini yenyewe naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Imetengenezwa kwa akili, kila skrubu inafikika kwa alenki, na OS walioitengeneza wanajua wanachofanya, ndo waliotoa fostroki ya kwanza ya modeli kuuzwa madukani, FS-60, mwaka 1976. Nusu nyota nimeikata kwasababu ya beringi kuwa nyonge kwa kutu, na kwa mtu wa Kigoma mwenye unyevu wa ziwa hilo siyo jambo dogo.

Lakini dawa ipo na sisi wa hapa ndo tungetakiwa kuijua kuliko wote. Meli yetu ya ziwani, Liemba, ilizamishwa na Wajerumani 1916, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Ikatolewa majini 1924, na 1927 ikarudi kazini. Miaka yote ile chini ya maji! Mimi kila nikimaliza nabana bomba la mafuta injini inyonye mpaka ikate yenyewe, nawasha tena kidogo mpaka ikatae, halafu natia oili nyepesi matone machache kwenye kile kipua cha kupumulia na mengine kwenye tundu la plagi, nazungusha propela mara kumi, naifunga kwenye kitambaa kikavu. Dakika tano. Mpaka sasa imeshakula kama saa moja hivi ya kuwaka, kesho alfajiri nafungua kifuniko niangalie tapeti tena maana baada ya saa ya kwanza huwa zinahama.