SUV ndogo ya kifahari kwa mtu wa Dar: nimezipanga kwa mwaka wa tatu, si kwa siku ya kwanza

"Kaka, nina milioni 60. Nichukue Anaconda au nijilipue na Mjerumani?" Ujumbe wa namna hii (Anaconda ni Toyota Harrier, Mjerumani ni BMW, Benz au Audi) hunifikia karibu kila wiki, na huja na picha ya gari iliyopigwa yadi: limeoshwa, tairi zimepakwa dawa zinang'aa, boneti inaakisi mawingu. Kwenye picha hakuna gari baya. Tofauti huanza kuonekana mwaka wa tatu, bushi zikishaanza kugonga na taa ya injini ikakuwakia Kibaha, familia yote ikiwa ndani.

Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa uzuri wala kwa mwendo. Nimejiuliza swali moja tu: gari likigoma Jumanne, Alhamisi litakuwa barabarani? Ninaandika kwa mtu wa Dar. Kama uko Songea au Kigoma, kila kasoro nitakayoitaja ihesabu mara mbili, maana spea itakufuata kwa basi.

Kodi kwanza, kabla hujapenda rangi

TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni, na thamani wanayoanzia ni ya kwao, si lazima iwe ile uliyomlipa Mjapani. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi cc 2000 au asilimia 10 ikizidi hapo, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote. Gari likivuka miaka 8 linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu. Likivuka 10, ni asilimia 30. Tozo ndogondogo na usajili viko pembeni, na viwango hivi hufanyiwa marekebisho kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo rudi kwenye kikokotoo kila mara.

Tuseme thamani ni milioni 25 na injini ni ya cc 2000. Gari lenye umri chini ya miaka 8 litakula kodi kama milioni 13.7. Thamani ileile kwa gari la miaka 11 ni karibu milioni 24.8. Ndiyo maana gari la "bei chee" la mwaka wa zamani mara nyingi hufika nyumbani likiwa limekaribiana bei na jipya zaidi, na wewe umeshachukua uchakavu wake bure.

1. Lexus NX 300h (2014 hadi 2021)

Hili ndilo ningenunua kwa pesa yangu. Chini ya nguo nzuri kuna familia ya Toyota unayoijua: msingi wake unatokana na RAV4, na injini ya 2AR-FXE ya lita 2.5 ndiyo iliyomo kwenye Harrier ya haibridi (petroli ikisaidiwa na mota ya umeme), Camry ya haibridi na Alphard ya haibridi. Ukienda Kariakoo na namba ya chesisi, hawakuangalii kama umetoka mwezini. Tena NX 300h haidai petroli ya daraja la juu, wakati dada yake NX 200t yenye turbo inaidai.

Upande wa mafuta piga hesabu mwenyewe. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka na lita ikiwa shilingi 3,000, gari la kilomita 10 kwa lita linakula milioni 4.5. Haibridi inayokupa 15 inakula milioni 3. Na foleni ya Mwenge ndiko haibridi inakokula kidogo, kwa sababu injini inazimika muda mwingi.

Sasa lawama. Kwanza, cc 2,493 zinakuingiza kwenye asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa. Kwa mfano wetu wa milioni 25 hiyo ni nyongeza ya kama milioni 1.8. Pili, kile kidude cha kugusa kwa kidole cha kuendeshea skrini kinaudhi, na hutakizoea. Tatu, betri kubwa. Watu wanaiogopa kuliko inavyostahili, lakini nayo ina adui: vumbi. Inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa kupitia matundu ya chini ya kiti cha nyuma. Mwenye gari anaweka mifuko ya shamba pale, mtoto anamwaga bisi, vumbi la Goba linajaa, feni inaziba, betri inachemka. Siku ya kukagua, piga magoti, angalia matundu hayo kwa tochi. Ukikuta yamefunikwa na manyoya ya kapeti na uchafu, mwambie fundi afungue feni kabla hujazungumzia bei.

2. Toyota Harrier (2013 hadi 2020), Anaconda

Kuna atakayesema Harrier si gari la kifahari. Amuulize shemeji yake. Tangu enzi za tako la nyani, yaani Harrier ya zamani, gari hili hapa mjini limekuwa cheo, na asili yake si ya kubeza: hadi kizazi cha tatu cha Lexus RX kilipoingia Japani mwaka 2009, Harrier na Lexus RX lilikuwa gari moja lenye majina mawili.

Anaconda ya kawaida ina injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, cc 1,986, inayolipa asilimia 5. Ni mvivu kidogo kwenye mlima wa Kitonga ukiwa umejaza watu, ila haina cha kukushtua. Fundi wa mtaani anaijua, spea mpya zipo na za used zimejaa Ilala, na ukitaka kuuza, dalali anakupigia wewe. Mwaka 2017 likaja toleo la turbo, injini ya 8AR-FTS ambayo ndiyo ya NX 200t. Hilo linakwenda kweli. Tatizo ni kwamba wauzaji wengi huandika "turbo" kwenye tangazo kwa mazoea tu. Soma chesisi: ZSU60 na ZSU65 ni lita 2.0 ya kawaida, ASU60 na ASU65 ndizo turbo, AVU65 ni haibridi. Mbadala wa maneno mengi ni hizo herufi tatu.

Kwa nini basi si la kwanza? Kwa sababu mahitaji yake yamepandisha bei hadi unalipia jina, na kwa pesa hiyohiyo wakati mwingine NX inapatikana ikiwa na viti na ukimya wa daraja lingine. Pia linapendwa na wezi. Vioo vya pembeni na taa vichorwe namba ya gari wiki ileile unayolichukua.

3. BMW X1 ya kuanzia mwishoni mwa 2015

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Kuna X1 mbili. Ile ya kwanza, E84, ikiwa na injini ya N20, ina historia inayojulikana dunia nzima: reli za plastiki zinazoongoza cheni ya taiming zinameguka. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, usinunue. Fundi anayejua atafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini; akitoa vipande vya plastiki kwenye oili, shukuru Mungu kwamba bado pesa iko kwako.

Ya pili, F48, ni gari tofauti kabisa. xDrive20i ina injini ya B48 na gia 8 za Aisin, kampuni ileile inayotengeneza giaboksi za Toyota. Viti vimenyooka, nafasi ya nyuma ni kubwa kuliko unavyodhani, na usukani unakufanya uchukue njia ndefu kwenda nyumbani. Ningempeleka mtu huko bila wasiwasi kwa masharti mawili: awe na fundi mwenye mashine ya kupimia yenye programu ya BMW, na awe na akiba ya milioni kadhaa isiyoguswa.

Mambo madogo ndiyo yanayouma. Tairi nyingi ni za kukimbia bila upepo, hivyo hakuna spea tairi kwenye buti. Ikikatika ubavu njiani kwenda Dodoma, unasubiri. Betri mpya haichomekwi tu ukaondoka, lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari ili ijue namna ya kuichaji. Mimi mwenyewe niliwahi kumiliki gari la Kijerumani (jina tuliache) lililokuwa linakosa nguvu. Gereji moja ilibadilisha sensa tatu kwa wiki tatu, kila moja kwa bei yake. Babu mmoja wa Tegeta aliweka mkono kwenye bomba la turbo, akakuta klipu imelegea. Alinitoza elfu thelathini. Shida haikuwa gari, ilikuwa nani anaelewa gari.

4. Mercedes-Benz GLC, halafu GLA

Kati ya hizi mbili, mwenye pesa achukue GLC. Gia zake 9 ni za kawaida za otomatiki, bodi imekaa vizuri barabarani, na ndilo gari tulivu kuliko yote hapa. Linaanguka hadi nafasi hii kwa sababu ya bei tu: ya kununua, ya tairi, ya taa ya mbele.

GLA ni habari nyingine. Lipo chini, matuta yetu hayalipendi, na giaboksi yake ya klachi mbili haikubuniwa kwa mtu anayesogea mita mbili mbili kutoka Ubungo hadi Magomeni. Kama linakushikilia moyo, liendeshe kwenye foleni halisi nusu saa nzima. Likianza kuruka linapoondoka, umepata jibu.

5. Audi Q3

Ndani ni pazuri kweli. Lakini injini za lita 2.0 za kizazi cha kwanza cha Q3 zina sifa ya kunywa oili, na mafundi wa Audi mjini ni wachache kuliko wa BMW na Benz. Nimemaliza.

Volvo XC60 sikuipanga, si kwa ubaya wake bali kwa uchache wake barabarani. Na kwa wanaouliza Mazda CX-5 ya dizeli, pamoja na Wajerumani wa dizeli: Japani dizeli ina salfa ppm 10 (sehemu 10 kwa kila milioni), viwango vya Afrika Mashariki kwa miaka mingi vilikuwa ppm 50, na injini hizo zina chujio la moshi linalotaka safari ndefu ili lijisafishe. Mtu wa Mikocheni hadi Posta asiguse.

Bima na mengine ya kila mwaka

Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, ongeza VAT. Kwa gari la milioni 60 ni karibu milioni 2.5. Leseni ya barabara ya kila mwaka ilishafutwa 2017, kwa hiyo kinachobaki ni mafuta, sevisi na tairi. Hapo Mjerumani hutangulia kwa gharama, kwa sababu oili yake ni ya kiwango maalumu na breki pedi huja na waya wa sensa, basi kila sevisi ina kitu cha pili cha kulipia.

Karatasi ya mnada

Kabla ya kutuma hata shilingi, dai karatasi ya mnada ya Japani, nzima, isiyokatwa pembeni. Juu kuna daraja: 4 au 4.5 ni safi, R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichokwishabadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa wa dosari. A1 tatu kwenye bampa si kitu. W2 kwenye nguzo na XX kwenye boneti ni gari lililopata ajali ya mbele, hata kama muuzaji anaapa. Linganisha kilomita za karatasi na za dashibodi, na namba ya chesisi irudiwe herufi kwa herufi.

Na yule dada wa Kijapani anayekusalimia kila ukiwasha gari, usimlipe mtu laki mbili "amtafsiri". Anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Mwambie fundi wa umeme achomoe kile kikasha cha ETC, anyamaze.