TAHADHARI: Chaja ya simu ya kuzungusha kwa mkono, mpini wake ni pambo

Jamani, kabla hujatuma hela, soma kwanza hapa.

Kuna chaja zinatembea sana mitandaoni siku hizi. Kiboksi cheusi cha kushika kiganjani, ubavuni kina mpini mdogo wa kukunja, juu kina taa ya kijani na tundu la waya wa simu. Tangazo linasema umeme ukikatika usihangaike, zungusha dakika 5 tu simu inapanda nusu. Nimekinunua, nimekizungusha mpaka bega likauma, na mwishowe nikakipeleka kwa fundi kikafunguliwa mbele ya macho yangu.

Muuzaji simtaji. Hata nikimtaja haitawasaidia, ukurasa wake umeshabadilisha jina mara mbili tangu nianze kumdai. Nawaeleza kifaa chenyewe na jinsi anavyokiuza, maana hivyo havijabadilika.

Siku ya kwanza kilifanya kazi, na mtego wote uko hapo. Kilinifikia mchana, jioni umeme ukakatika kana kwamba walipanga. Simu yangu ilikuwa na asilimia 12. Nikaizima, nikachomeka waya, nikaanza kuzungusha. Kila mzunguko taa ya kijani inameta, ndani kinalia krr krr krr kama mashine inayojua kazi yake. Nikazungusha, nikapumzika, nikabadili mkono, ikaenda kama saa nzima. Kuwasha simu, 29! Sikujiuliza mbona si nusu kama walivyosema. Nilijiona shujaa wa giza. Nikamwandikia muuzaji maoni mazuri, nyota 5. (Maoni yenyewe yapo mpaka leo, na pa kuyafutia sipaoni.)

Umeme ukakaa siku 9 bila kukatika. Ulipokatika tena simu ilikuwa na 8, na kulikuwa na mtu nilitakiwa kumpigia usiku uleule. Nikazungusha dakika 40. Taa inameta vilevile, mlio uleule. Alama ya kuchaji ikatokea mara mbili mwanzoni, ikapotea, haikurudi. Kutazama, 7. Yaani nilizungusha kwa dakika 40 na simu ikapungua.

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu haraka, kwa adabu zote: "Pole sana dada, inaonekana unazungusha polepole, inatakiwa mizunguko 120 kwa dakika." Nikaweka saa mbele yangu, nikahesabu 120. Wapi! Nikarudi kwake. "Basi dada utakuwa unazungushia upande wa kushoto." Nikazungushia kulia. Mpini ukazunguka kwa raha zake kama pangaboi. Mara ya tatu akaniambia dhamana ni siku 7 na zimeshapita, asante kwa kutuamini. Baada ya hapo nikawa naona alama moja tu ya tiki kwenye kila ninachotuma. Kanifungia.

Ndipo nikaenda kwa fundi. Alikipima uzito kwa kiganja, akazungusha mpini mara mbili, akacheka. "Dada, hiki umeshawahi kukichaji ukutani?" Nikamwambia hapana, si ndiyo maana nimenunua cha kuzungusha? Akachukua bisibisi.

Ndani kulikuwa na betri moja bapa, nyembamba, imebandikwa kwa gundi. Nje ya boksi pameandikwa 10000 mAh (kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba) kwa herufi kubwa za fedha. Kwenye betri yenyewe, kwa wino mdogo uliofifia, 1200. Pembeni kipande cha chuma kimegandishwa ili boksi liwe zito mkononi. Mpini unazungusha meno matatu ya plastiki, na meno hayo yanazungusha kimota kama cha gari la kuchezea la mtoto. Nikasema haya basi, kumbe kina mota. Fundi akanyanyua nyaya mbili za ile mota kwa ncha ya bisibisi, akazifuata nazo polepole ili nione zinakoishia. Zilikwenda kwenye ile taa ya kijani. Basi. Hakuna hata uzi mmoja uliotoka kwenye mota kwenda kwenye betri wala kwenye tundu la simu. Ukizungusha, unawasha taa ili uone unazungusha.

Sasa ile asilimia 17 ya siku ya kwanza ilitoka wapi? Kwenye betri iliyokuja imeshajazwa. Simu yangu ina betri ya 5000 mAh. 1200 ni kama robo yake, toa umeme unaopotea njiani wakati wa kuhama kutoka betri moja kwenda nyingine, unabaki na asilimia kumi na kitu. Ningeweza kuchomeka waya nikalala, ningeamka na 29 ileile. Saa nzima ya jasho haikuongeza chochote. Ndiyo maana pia dhamana yao ni siku 7: wengi wetu hatuli umeme wa kifaa hiki mara mbili ndani ya wiki.

Tuje kwenye hesabu, maana ningeifanya mapema nisingeliwa. Betri ya simu ya 5000 mAh inabeba takribani wati-saa 19, yaani inaweza kutoa wati 19 kwa saa nzima. Kujaza nusu yake kwa dakika 5 inahitaji mkono unaotoa zaidi ya wati 110 bila kupumzika. Mtu wa kawaida akikanyaga pedeli za baiskeli, kwa mapaja yote mawili, anaweza kudumu kwenye wati 75 hadi 100. Wewe unaambiwa uzipite kwa vidole viwili vilivyoshika mpini wenye urefu wa kidole! Mipini midogo ya namna hii, hata iliyotengenezwa kwa uaminifu, hutoa kama wati 2 hivi, ikijitahidi sana 5. Kwa wati 2, dakika 5 za kuzungusha hazikupi hata asilimia moja ya simu hiyo. Nusu saa inakupa kama 5, na hapo simu iwe imezimwa. Ukitaka kuijaza yote, kaa chini uzungushe karibu masaa 10.

Kwa hiyo akikwambia "dakika 5 nusu", huna haja ya kumuuliza swali la pili.

Nimeona wengine wanaandika kwamba chaja zote za kuzungusha ni uongo. Hapana, tusivuke mpaka. Kutoa umeme kwa kuzungusha ni jambo la kweli kabisa. Mwanasayansi Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831, kwa koili (waya uliozungushwa mara nyingi) na sumaku, na mitambo mikubwa ya umeme mpaka leo inaendeshwa na jambo hilohilo. Trevor Baylis wa Uingereza alibuni redio ya kuzungusha mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ikawafaa watu wengi wasio na umeme. Lakini redio ndogo inakula umeme kiduchu. Simu janja ni mlafi, kioo chake peke yake kinaweza kumaliza kila unachokitoa jasho. Kwenye simu ndogo ya tochi yenye betri ya 1000 mAh, mpini wa kweli unaweza kukupa simu moja ya dharura bila kukutoa roho. Muuzaji mkweli atakwambia hivyo: cha dharura, zima simu, zungusha nusu saa, piga, maliza. Anayekuahidi zaidi ya hapo mkimbie.

Kama bado unakitaka, kijaribu hivi kabla hela haijatoka mkononi. Kwanza zungusha mpini kikiwa hakijachomekwa kitu. Kisha mwambie muuzaji achomeke simu yenye chaji kidogo, wewe ukiendelea kuzungusha. Mpini lazima uwe mzito. Si kidogo, utausikia kwenye kifundo cha mkono, kama baiskeli iliyoingia mchangani. Umeme ukianza kutoka, koili nayo inazalisha usumaku unaopinga mzunguko wako. Mwanafizikia Heinrich Lenz aliliandika hilo mwaka 1834 na halijapata kuvunjwa na muuzaji yeyote wa mtandaoni. Mpini ukibaki mwepesi simu ikiwa imechomekwa, hapo hakuna umeme wa mkono wako unaokwenda kwenye simu, hata taa ingemeta rangi saba. Changu kilikuwa chepesi tangu siku ya kwanza. Mimi nikadhani ndio ubora.

Lakini hata jaribio hilo lina ujanja wake. Kama muuzaji ni mjuzi, ataweka breki ya plastiki ndani mpini uwe mzito muda wote. Ndiyo maana ni lazima uzungushe mara mbili, bila simu na ukiwa na simu, usikilize tofauti. Cha uhakika zaidi ni kukimaliza kwanza. Kichomeke simu bila kuzungusha hata mara moja mpaka kife kabisa, kisha ndipo uanze kuzungusha. Kilichokufa kikifufuka kwa mkono wako, nunua. Muuzaji akikataa ukimalize, au akisema kufanya hivyo kunaharibu kifaa, umeshapata jibu. Kuna pia vipimo vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la USB vinavyoonyesha volti na ampea. Ukiwa nacho huhitaji kubishana na mtu, soma tu namba.

Uzito wa boksi usiuamini. Pawabenki bandia zilizojazwa mchanga zimeshafumuliwa nyingi, na changu kilikuwa na chuma. Alama ya kuchaji kwenye simu nayo usiiamini, inasema tu kuna volti mlangoni, haisemi unaingia kiasi gani. Na kama umenunua vile vimota vilivyounganishwa moja kwa moja kwenye waya wa simu bila kidhibiti chochote, usichomeke kabisa. Simu inategemea volti 5 zilizotulia, na mkono wa mtu hautulii.

Wauzaji hawahawa, au ndugu zao, wana pia programu ya "kuchaji kwa kutikisa simu". Hiyo hata fundi sikumpelekea. Ndani ya simu hakuna koili ya kugeuza mtikisiko kuwa chaji ya betri. Unachotikisa ni matangazo yao, na kadiri unavyotikisa kioo kikiwaka ndivyo chaji inavyokwisha.

Mimi kwa sasa nimerudi kwenye pawabenki ya kawaida. Naijaza umeme ukiwepo, naiweka mahali pamoja ili nisiitafute gizani. Mwenye baiskeli yenye dainamo ana nafuu kunishinda, ile ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, na akiweka kidhibiti cha kuugeuza umeme huo uwe wa DC na kuutuliza kwenye volti 5, miguu inafanya kazi ambayo mkono ulishindwa. Kipaneli kidogo cha sola nacho hakidai bega la mtu.

Hela yangu sijarudishiwa na nimeshaacha kuisubiri. Ila jana tangazo limenipitia tena, jina jipya, boksi safari hii ni la bluu, video ni ileile: mkono unazungusha mpini, simu inapanda kutoka 15 hadi 65, maandishi yanapita chini, "dakika 5 tu". Wamefuta sauti, wamefunga maoni, lakini juu ya kioo cha simu wamesahau saa. Mwanzo wa video inasoma 10:12. Mwisho inasoma 12:47.