Kuagiza Japani, yadi au mkononi: gari ununue wapi ukiwa Tanga

Nianze na msimamo wangu ili asiyetaka maneno mengi aishie hapa: kama pesa ipo na unaweza kusubiri miezi miwili mitatu, agiza Japani. Ya pili mkononi, yaani kununua kwa mwenye gari mwenyewe, kwa mtu unayemjua, ya tatu yadi, yaani wanaoleta gari zilizotumika wakaziuza hapa, na kitu na boksi (gari mpya kabisa) kutoka kwa wakala wa kampuni ya magari hiyo ni ya wenye uwezo wao, ntaigusa mwisho. Najua wengi watabisha yadi kukaa nyuma ya mkononi, nawaelewa, ila someni kwanza.

Kuagiza naiweka namba moja na wala sio kwa sababu ya bei, maana wengi wanaagiza wakiamini wataokoa mamilioni halafu gari ikifika bandarini ndio wanaanza kukopa. Faida yake ni kwamba unachagua mwenyewe, tena unachagua ukiwa na historia ya gari mbele yako. Gari nyingi za Japani zinapita mnadani na kule kuna mkaguzi anajaza karatasi, ina gredi, kilometa na mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U pamebonyea, W palinyooshwa, S ni kutu, na gredi ikiandikwa R au RA ujue ilishagongwa ikatengenezwa. Mwambie muuzaji akutumie hiyo karatasi kabla ya kulipa chochote, akianza kuzungukazunguka achana nae, gari ziko nyingi mno. Na sisi watu wa pwani hiyo S tusiipuuze jamani, kule kwenye barafu kama Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani, gari inakuja tayari imeanza kuliwa kwa chini halafu unaipaki Raskazoni kando ya bahari upepo wa chumvi unamalizia, hukawii kutafuta fundi wa kuchomelea.

Sasa hesabu, hapa ndio watu wanapopotea. Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi ni FOB, yaani gari bila meli, wewe uliza CIF, yaani gari pamoja na bima na meli hadi bandarini kwetu. Chukua gari ya cc 1500 yenye zaidi ya miaka 10, CIF dola 3,000. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni dola 750, inakuwa 3,750. Juu ya hiyo ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa sababu ya cc na asilimia 30 kwa sababu ya umri, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote, ukijumlisha kodi inafika kama dola 2,970, yaani umenunua gari mara mbili. Gari hiyo hiyo ingekuwa chini ya miaka 8 ile 30 haipo, kodi inashuka hadi kama 1,650. Ndio maana gari kuukuu yenye bei ya kuvutia kule Japani unaweza ukaja kuikuta hapa imelingana na iliyo mpya kuliko yenyewe! Tozo ndogondogo, bandari, wakala wa forodha na usajili sijaweka, na TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni kinachotumia thamani yao wenyewe sio risiti yako, kwa hiyo anza na kikokotoo ndio uende kuchagua rangi. Viwango vinaguswa kwenye bajeti ya Juni, angalia upya kila mwaka.

Chini ya cc 1000 ushuru wa bidhaa wa injini ni sifuri, ndio maana Passo na Vitz ndogo zimejaa, kwa mizunguko ya hapa mjini, Ngamiani na Makorora, ni sawa kabisa, ila kama kila wiki unapanda Lushoto kutoka Mombo unashuka na viroba vya mboga usiidanganye nafsi yako, chukua 1500.

Pesa tuma kwa benki kwenda akaunti yenye jina la kampuni lile lile lililo kwenye proforma (ankara wanayokutumia kabla ya kulipa), mtu akikupa akaunti yake binafsi simama hapo hapo. Na ulizia meli inashusha Dar au hapa kwetu, bandari yetu imechimbwa kina, sio lazima kila gari ishukie Dar halafu ulipie dereva na mafuta kupitia Chalinze na Segera.

Yadi shida yake ni hii, mwenye yadi nae amenunua kule kule, ila yeye anatafuta faida na anajua mteja anaangalia rangi na rimu. Karatasi ya mnada ukiiomba unaambiwa imebaki kwa wakala wa forodha. Halafu kuna hii habari ya "namba E hii kaka", namba inakwambia gari imesajiliwa lini nchini, haikwambii imetengenezwa lini wala imetembea kiasi gani. Ukiwa yadi funua kapeti ya buti, toa tairi ya spea uangalie pale chini kama pana mikunjo au rangi isiyofanana. Angalia bolti zinazoshika boneti na fenda, ikiwa rangi imechubuka kwenye vichwa vyake ujue zilishafunguliwa. Kisha tazama mpira wa pedeli ya breki, dashbodi inasoma kilometa 60,000 na mpira umelika hadi chuma kinachungulia, hapo ondoka tu. Yadi inafaa pale unapotaka gari ya kazi kesho asubuhi, au una gari ya zamani unataka kubadilisha kwa kuongezea hela.

Mkononi nimeitanguliza kwa sababu jirani yako na fundi wake unawajua, umeiona ile gari inaamkaje asubuhi. Kwa mtu usiyemjua ni mbuzi kwenye gunia, iweke mwisho kabisa. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki, angalia deni la paking la TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), hakikisha kadi original ya gari ipo na haijalala benki kwa mkopo, muandikishane kwa mwanasheria halafu mkabadilishe umiliki TRA, usikae na kadi yenye jina la mtu mwingine.

Zero kilometa sasa. Iliyopo stoo kwa wakala unaipata haraka na bei inazungumzika, hasa ikiwa imekaa muda, ila unachukua rangi na vifaa walivyonavyo. Kuagiza kiwandani ni kusubiri miezi, kwa hiyo fanya hivyo tu kama unataka kitu ambacho stoo haina, mfano pikapu ya kabini mbili gia ya mkono ya kushindia kwenye mashamba ya mkonge huko Korogwe na Muheza. Na ukiagiza, tarehe ya kukabidhiwa iandikwe kwenye mkataba, pia iandikwe bei ni ya shilingi au ya dola, na dola ikipanda katikati nani anabeba.