Kukaza bolti za injini: ununue kilainishi gani, na kipi ukiache dukani

Toki renchi, yaani renchi inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika, siku hizi mafundi wengi wanazo, hilo tunashukuru, ila unamkuta mtu kashika renchi ya bei halafu bolti za silinda hedi anazichovya kwenye kopo la oili chafu iliyomwagwa asubuhi. Sasa hapo anapima nini? Nguvu unayotia kwenye renchi karibu yote inaliwa na msuguano, kama nusu chini ya kichwa cha bolti, sehemu kubwa ya iliyobaki kwenye thredi, inayobana hedi kweli ni kama moja ya kumi tu. Kwa hiyo ukibadili unachopaka umebadili na mkazo, hata kama renchi imelia palepale.

Chukua bolti ya milimita 12, ikaze Nm 100 (Nm ndo kipimo cha nguvu ya kukaza, kinaitwa toki). Kavu itabana kama tani 4 hivi, ukipaka oili inapita 5, ukipaka pesti ya moli (molibdenamu, inateleza sana) unaikuta kwenye 7, na bolti ya gredi 10.9, namba ya ugumu iliyogongwa kichwani, hapo ndo imefika mwisho wake, ikizidi kidogo inavutika hairudi.

Namba moja kwangu bado ni oili mpya ya injini, hiyohiyo ya uzito wa 15W-40 inatosha. Manyuali za Toyota nyingi zinataka hivyo, oili kidogo kwenye thredi na chini ya kichwa, na hapa Dodoma hamna duka la spea litakaloikosa. Nunua kopo la lita moja lenye sili, ya kupimiwa kwenye chupa ya maji achana nayo. Na ulifunike jamani, upepo wa huku kuanzia mwezi wa saba mnaujua, vumbi likishaingia humo unapaka msasa. Kingine, usijaze oili kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, oili haina pa kwenda, bolti ikishuka inaisukuma na bloku linaweza kupasuka. Puliza tundu kwa upepo wa kompresa kwanza.

Namba mbili ni pesti kama Ultra-Torque ya ARP, kampuni ya kutengeneza bolti. Kitu kizuri sana, mkazo wake hauyumbi bolti hadi bolti, ila inunue kama unafunga bolti au stadi (bolti zisizo na kichwa) za ARP zenye namba zao za toki. Ukiipaka kwenye bolti za kawaida ukafuata Nm za manyuali ya oili, rudi juu kasome zile tani.

Silanti ya thredi siiweki kwenye mashindano, bolti inayotokea kwenye maji ya injini inaihitaji, basi.

Grisi ya kopa inunue kwa ajili ya stadi za egzosti, joto kali inalihimili. Kwenye hedi na konrodi (mkono wa pistoni) hapana, na plagi pia hapana, NGK, watengenezaji wa plagi, wenyewe wanakataza kwa sababu unakaza kupita kiasi bila kujua.

Mkiani kabisa grisi ya beringi na WD-40, hizo usitoe hata mia.

Kama bolti zako ni za kukaza kwa digrii, yaani unazungusha pembe fulani baada ya toki, zile za kuvutika, hela ya pesti ongezea kwenye bolti mpya, halafu paka oili.