Nyumba ya zamani ya familia mbili au fleti mpya?

Mtaa ni uleule unaogombewa na bei zinakaribiana. Ununue ipi?

Kwa gharama, nyumba ya zamani inakubeba: wewe unakaa chini, kodi ya mpangaji wa juu inasaidia kulipa mkopo. Akihama, mzigo wote unakurudia. Fleti haina mpangaji, na ada ya jengo huikwepi.

Kwenye matengenezo ndiko watu wanakoumia. Kabla ya kusaini, panda darini na tochi, bonyeza mbao. Kidole kikizama, huenda paa limevuja muda mrefu. Kagua pia mabomba ya chuma na nyaya za umeme. Kwenye fleti, paa hulipiwa na wote.

Kama una akiba ya ukarabati na subira ya kuishi na mpangaji, chukua ya zamani. Kama unasafiri mara kwa mara, fleti itakufaa zaidi.