Fusion bila historia: inafaa kazi gani?

Karakana ya Kariobangi ikiletewa faili ya STEP (aina ya faili ya kubadilishana michoro ya 3D kati ya programu) ya bamba la kushikilia mota, haipati hatua zilizolichora. Inapata umbo tu. Hapo Fusion, programu ya Autodesk ya kuchora vipuri kwa 3D, inafaa sana ukiizimia historia, yaani kumbukumbu ya hatua za kuchora. Bofya kulia jina la juu kabisa kwenye orodha ya kushoto, chagua kutohifadhi historia, kisha shughulika na nyuso zenyewe. Chagua uso, bonyeza Q (amri ya kusukuma au kuvuta uso), andika 2: ukuta wa milimita 3 umekuwa wa 5.

Matundu ndiyo huwachanganya watu. Tundu la milimita 9 la boliti ya M8 likitakiwa kuwa 11 ili lipokee M10, usiandike 2. Uso wa tundu husogea kwa nusu ya badiliko la kipenyo, kwa hiyo ni 1. Angalia na alama ya kutoa pia, maana upande usio sahihi hulibana tundu badala ya kulipanua.

Kabla ya kusogeza ukuta, futa kwanza kona zilizoviringwa, mnyororo mzima kwa pamoja. Programu ikikataa, kwa kawaida ni kwa sababu nyuso jirani haziwezi kurefuka zikakutana.

Kasoro? Ukizima historia ya mchoro wako mwenyewe, hairudi. Hifadhi nakala kwanza. Leseni ya bure ni ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na inaruhusu michoro 10 tu inayoharirika kwa wakati mmoja. Anayeuza vipuri apangie bajeti ya leseni ya kulipia.